Mutoto Mwenye Masharubu

Kama unaishi Katoyi, hapa Goma, hii habari umeshaisikia, na pengine umeisikia vibaya, kwa hiyo acha niisimulie mimi mwenyewe mwenye aibu yangu, maana wako wanaosema nilimbatiza paka (uongo), wako wanaosema nilimnywesha kwa biberon, ile chupa ya kunyonyeshea watoto (hiyo ni kweli, lakini yalikuwa maji tu), na wote wakifika mwisho wanacheka mpaka wanashikilia ukuta. Mimi siku ile sikucheka. Nilitamani lile jiwe la volkano lililo mbele ya nyumba yangu lipasuke nipitie humo nitokee Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Kwanza ujue mimi ni mutu wa heshima. Ni fundi wa simu kule Birere, na Jumapili ni mimi ninayesoma somo la kwanza kanisani, nimevaa koti, sauti nzito, wamama wa mbele wanaitikia kwa kichwa. Wananiita Papa Asifiwe kwa jina la mtoto wetu, ambaye ni mmoja tu. Mke wangu anauza samaki wa chumvi, anawafuata Vitshumbi, kwa wavuvi wa ziwani, na kuwaweka katika chumba chetu cha nyuma, na kwa kuwa panya wa Katoyi wanajua samaki kuliko wanunuzi, tunafuga paka mkubwa wa kijivu anayeitwa Kapita. Jina alimpa mke wangu, kwa sababu kama makapita wote, wale wasimamizi wa vibarua, yeye anasimama tu kuangalia wengine wakifanya kazi, halafu wakati wa kula ndiye wa kwanza.

Wiki ile mke wangu alisafiri na mtoto mgongoni, akaniachia nyumba, samaki na Kapita. Pale mlangoni akaniambia, "Ijumaa banachanja mbwa na banyau juu ya ugonjwa wa kichaa. Umupeleke Kapita. Na usimuache peke yake, yeye njo anachunga mali yetu."

Nilimpeleka. Alidungwa sindano yake bila neno, tukarudi nyumbani vizuri, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba kazi ya wanawake si ngumu kama wanavyosema. Jioni naangalia, Kapita ana kichwa cha mtu mwingine. Uso umevimba, macho yamekuwa vijistari viwili, mdomo umejaa kama wa mtu aliyepigwa na nyuki, anajikuna, anatapika juu ya viatu vyangu vya kanisani. Nilimpigia yule dokta wa mifugo aliyemchanja, akaja na pikipiki, akamdunga dawa ya kutuliza, akaniambia hiyo inatokea mara chache kwa paka mmoja mmoja, ataendelea vizuri ila nimwangalie. Chakula nisimpe mpaka aache kutapika, maji nimpe kidogo kidogo, nimwekee kitambaa chenye maji ya baridi usoni, na zaidi ya yote nisikilize anavyopumua. "Akianza kuvuta pumzi kwa shida, unaniita palepale," alisema. "Usimuache peke yake mpaka kesho jioni."

Basi nikakaa na paka kama mkwe aliyelazwa. Nilimfunga katika kitenge cha Asifiwe asijikune, nikamlaza katika kitanda cha Asifiwe kwa sababu kina chandarua na nzi walikuwa wanamsumbua, na maji alipoyakataa kwenye sahani nikachukua ile biberon ya Asifiwe. (Usinicheke. Ungemwona alivyokuwa, na ungekuwa unamjua mke wangu, wewe ungemwimbia na wimbo wa kumbembeleza.)

Asubuhi ya Jumamosi ni salongo. Mutaa mzima unatoka na makoleo kusafisha mitaro, na asiyetoka anatafutwa kwake. Nami nilitafutwa na Mama Kavira, shefu wetu wa nyumba kumi, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na sauti inayofika Birere bila simu. Alisimama getini akauliza, "Papa Asifiwe, weye leo hauna mikono?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nyuma yake alikuwa amesimama jirani yangu Papa Bosco, na koleo begani, na kile kicheko chake kinachokaa tayari mdomoni kikisubiri kazi. Nikajiona nikisema, mimi msomaji wa somo la kwanza, kwamba siendi kwenye mtaro kwa sababu ninauguza paka. Ulimi ukakataa. Ukatafuta neno lingine, ukaliona lililo karibu.

"Mama shefu," nilisema, "mutoto alidungwa chanjo jana. Uso umevimba wote. Siwezi kumuacha."

Neno moja tu. Mama Kavira alishika kifua, akasema pole, akaniambia nirudi ndani haraka, nami nikarudi ndani nikiwa nimejipongeza.

Sasa, mtaro wa salongo si mahali pa kuweka siri, ni redio. Muda si muda mama mmoja akaleta uji. Mwingine akaleta ndizi. Kundi la wamama wa maombi likasimama nje ya dirisha na kuimba, na Kapita humo ndani akajibu kwa sauti nyembamba ya mgonjwa, na nje wakasema, "Yesu, munasikia namna analia?" Wakaongeza sauti. Nilipochungulia, Papa Bosco alikuwa ameegemea koleo lake, anawaambia watu, "Mimi nimemuona kwa macho yangu. Kichwa ni kama boga. Jicho moja limeshatoka." Na watu walimsikiliza, maana mtu anayesema ameona anasikilizwa kuliko mtu mwenye mgonjwa.

Mpaka hapo ungesema ni kichekesho tu. Kumbe siku ileile watu wa kituo cha afya walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuwapa watoto matone ya polio. Walifika avenyu yetu na masanduku yao ya baridi, wakakuta milango imefungwa. Wamama wamewaficha watoto. Papa Bosco akiwa kati ya njia anaeleza yaliyompata mtoto wa Papa Asifiwe.

Nilisikia hodi, na haikuwa hodi ya uji. Nilifungua nikamkuta muuguzi, mwanamke mfupi wa makamo, amevaa gilet, kile kizibao cha kazi, uso umechoka kwa jua. Nyuma yake Mama Kavira, nyuma ya Mama Kavira wamama wa maombi, na nyuma yao avenyu nzima na makoleo.

"Papa, nimesikia uko na mutoto anavimba juu ya chanjo," alisema. "Sisi hatujadunga mutu. Sisi tunatoa matone, na tumeanza leo. Kama kuna mutu anapita anadunga batoto sindano, lazima nimujue. Alidungwa na nani?"

Ningeweza kusema ukweli palepale. Mlango ulikuwa wazi na ukweli ulikuwa umelala chumba cha pili. Lakini niliangalia zile nyuso zote, nikasema, "Mutoto amelala."

"Nitamuangalia akiwa amelala."

"Anaogopa watu."

"Papa," alisema polepole, "kama anavimba uso, anaweza kushindwa kupumua. Unipishe."

Hapo simu yangu ikaita. Mimi ni fundi wa simu, lakini simu yangu mwenyewe spika ya sikioni imekufa, naongea kwa ile ya nje, kwa hiyo nilipopokea, avenyu nzima ilipokea pamoja nami.

"Papa Asifiwe," ilikuwa sauti ya mke wangu, tulivu, ule utulivu wa maziwa kabla hayajachemka. "Mama Kavira amenipigia ananiambia pole. Pole ya nini? Mutoto wangu iko hapa mugongoni anatafuna mukate. Sasa uniambie: ule anavimba uso katika kitanda cha Asifiwe, ni mutoto ya nani?"

Nikaona macho ya wamama wa maombi yakibadilika, yakitoka kwenye huruma yakienda mahali pengine, na yule aliyeleta ndizi akanipita mlangoni, akachukua sahani yake mezani. Papa Bosco akasema taratibu, "Ooo." Kwa mara ya kwanza alikuwa na habari ambayo hakuitunga yeye.

"Ni Kapita," nilisema.

"Kapita gani?" Mama Kavira aliuliza. "Kapita wa kazi? Unazaa na nani?"

Muuguzi hakungoja. Alinipita, akaingia, akainua chandarua, akafunua kitenge kwa mikono miwili kama anavyofunuliwa mtoto wa kweli. Kapita akatoa kichwa. Uvimbe ulikuwa umeshuka upande mmoja tu, jicho moja limefunguka, masharubu yamelowa maji ya biberon. Alimwangalia muuguzi, akapiga chafya.

Sitaeleza kicheko. Kilianzia chumbani kikatoka mlangoni kikaenda mpaka barabarani, na waliokuwa mbali wakacheka kabla hawajaambiwa. Mtu mmoja akamwuliza Papa Bosco, "Si ulisema ulimuona kwa macho?" Naye, bila kupepesa, "Niliona sikio."

Muuguzi hakucheka. Alimfunika paka vizuri, akamsikiliza anavyopumua, akaridhika, kisha akanigeukia.

"Munacheka," alisema, "lakini milango imefungwa. Weye njo ulituma uongo mulango kwa mulango. Sasa uchukue huyu mutoto yako, utangulie."

Na nikatangulia. Mimi, mwenye koti, nilitembea avenyu nzima nimembeba Kapita katika kitenge cha maua, muuguzi nyuma yangu na sanduku lake, na kwenye kila mlango nilisema maneno yaleyale: mgonjwa ni huyu, chanjo yake ilikuwa ya paka, Asifiwe ni mzima, tafadhali fungueni. Bibi mmoja alimshika Kapita mashavu na kunitaka niape. Watoto walitoka kumwangalia paka, na walipofungua midomo kwa kushangaa, watoaji wa matone wakafanya kazi yao. (Muuguzi alikiri baadaye kwamba kazi hiyo haijawahi kwenda haraka vile.)

Nilicheka kidogo na mimi, mpaka nyumba ya mwisho. Yule mama alifungua akiwa na kichanga mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakutazama hata paka. "Dada yangu mukubwa anatembea kwa mikono," alisema. "Alikosa haya matone. Na mimi leo nilifunga mulango juu ya neno lako." Akamfungua kichanga mdomo mwenyewe. Nilisimama pale na paka wangu, na nikajua kwamba kuna aibu ya kuchekwa na kuna nyingine ambayo hakuna anayekucheka, na hii ya pili ndiyo nzito.

Jioni dokta wa mifugo alirudi, akasema Kapita amepona, na siku akichanjwa tena nimweleze mapema kilichotokea, ili amwangalie kabla hatujaondoka. Mke wangu alirudi baada ya siku chache. Alitua vikapu, akapita vyumba vyote akinusa kama afisa wa forodha, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia kitenge, akaona manyoya. Alisema tu, "Biberon mpya utanunua weye."

Kanisani bado nasoma, ingawa nikisema "Neno la Bwana" kuna mtu wa nyuma huwa analia nyau. Namsamehe. Lakini nimejiwekea kiapo: mutu akiniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, nataja kwanza ana miguu mingapi, halafu ndipo napokea pole.