Siku Naliaka Alipomaliza Bakuli

Tuliokulia Dagoretti enzi zetu tunajua utamu wa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira usikuguse, hadi miguu igeuke rangi ya vumbi, huku harufu ya nyama choma ikitoka upande wa kichinjioni na kututesa bure. Siku hizi watoto wangu wakicheza, kinachochoka ni kidole gumba.

Mdogo wangu Naliaka hakucheza. Alikuwa na miaka mitatu na bado hajakaa. Miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi, shingo imelegea. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Shangazi akataka apelekwe kijijini kwa nyanya, watu wasimwone. Mama alikuwa karibu kukubali. Nguo za Naliaka zilishatiwa kwenye mfuko.

Asubuhi moja akapaliwa na uji, akabadilika rangi mikononi mwa Mama. Alikohoa, akautapika, lakini Mama alikimbia naye kliniki hivyo hivyo, peku, mimi nyuma.

"Mama Nekesa, huyu hajarogwa," muuguzi akasema, akimwita kwa jina langu. "Ni mtindio wa ubongo. Hautaisha, lakini atajifunza mengi. Unamlisha akiwa amelala?"

"Nampakata tu hivi, sista."

"Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo. Umpe polepole."

Akatutuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mjini kati. Kila Jumanne Mama alimbeba mgongoni, akarudi na zoezi jipya la kunyoosha ile miguu taratibu, bila kuilazimisha. Baba, fundi seremala, akaunda kiti cha kumshikilia mgongo, chenye kimeza mbele. Alikipima na kukipima tena.

Siku Naliaka alipokaa humo akamaliza bakuli zima bila kukohoa, Mama aliingia chumbani, akazitoa zile nguo mfukoni, akazipanga kabatini. Nilimsikia akilia, na hata mimi mtoto nilijua si kilio cha huzuni.

Tukamtoa nje, tukamfanya refa wa kati. "Ameguswaaa!" alipaza kwa sauti yake ya kuvutika, na ole wako ubishe.

Leo anafanya kazi ya kompyuta Westlands, akitumia kiti cha magurudumu, na bado habishiwi. Mwezi uliopita jirani yangu aligundua shingo ya mwanawe wa miezi minane bado haijakaza. Wiki hiyo hiyo mazoezi yakaanza. Hakuna aliyetaja uchawi, wala kijiji. Nilishusha pumzi, kisha nikaona wivu kidogo kwa niaba ya Mama.

Tunapenda kusema enzi zetu zilikuwa tamu. Zilikuwa. Lakini mtoto yule wa jirani hajafichwa hata siku moja, na kwa hilo enzi zao zimetushinda.