Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipaza sauti pamoja na onyo. Nilikuwa mtafsiri wa gari la sinema hapa Machakos: waigizaji wanasema Kiingereza, mimi nasema Kikamba papo hapo, watu wameketi nyasini. Msimamizi wetu, mzee wa kuvaa tai hata kwenye vumbi, aliniambia, "Wewe msichana, sema wanachosema. Maoni yako weka nyumbani."

Hapo ndipo palinishinda. Filamu zile zilikuwa na kasoro, nyinyi vijana msidanganywe kwamba za zamani zote zilikuwa nzuri. Mkulima alilima kutwa nzima na shati likabaki jeupe. Mtu alipigwa risasi, akahutubia kwanza, ndipo akafa. Nilitafsiri hivyo hivyo, miguu ikinicheza chini ya meza.

Jioni moja, Kathiani, tulionyesha filamu ya mume aliyepotelea mjini miaka mingi. Akarudi. Mkewe akatabasamu, akaanza kupakua chakula.

"Kwani hamuulizi alikuwa wapi?" mama mmoja wa mbele akapaza sauti.

Kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu mke alisema, "Karibu, keti ule." Mimi nikasema kwa Kikamba, "Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Vigelegele vikapaa. Mume wa watu, asiyejua ameulizwa nini, akatabasamu na kuvuta sahani.

"Anakula tu! Hajibu!" wakapiga kelele. Wengine walicheka, yule mama wa mbele hakucheka.

Msimamizi alinivuta kando ya gari. Alikuwa Mkamba mwenzangu, alisikia kila neno.

"Hayo maneno umetoa wapi?"

"Kwa yule mama, bwana."

"Filamu si ya yule mama."

"Sasa tumemletea ya nini?"

Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo kuviringisha filamu. Filamu ikishaonyeshwa huwa yote imejiviringisha kwenye gurudumu la pili la mashine, kwa hiyo lazima irudishwe mwanzo kwa mkono, na palipokatika paunganishwe kwa gundi. Magari yalitoka asubuhi, mimi nikabaki na madirisha ya nondo. Sikujutia swali lile, lakini kutulia sikutulia. Magari yalipokoma kutembea, nilistaafu nikitoka stoo hiyo hiyo.

Siku hizi niko kwangu Kalama, nazunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mjukuu wangu Mwende anatengeneza filamu huko Syokimau. Juzi alikuja akanionyesha moja kwenye simu: mama anapigiwa simu kwamba mwanawe amefariki.

"Susu, niambie ukweli," akasema, akiniita bibi kwa Kikamba.

"Mbona muziki unalia kabla mama hajapokea simu? Na huyo mama ametoka shambani, kucha zimepakwa rangi."

"Susu, ni filamu fupi tu!"

"Hata fupi inaonekana."

Aliondoka bila kumaliza chai. Nikalala vibaya. Nilienda langoni, nikarudi, nikalaumu mdomo wangu, kisha nikaona bado ungesema vilevile.

Leo asubuhi amepiga.

"Susu, nimetoa muziki. Sehemu ya kucha pia nimeirudia."

"Sasa iko aje?"

"Kumekuwa kimya sana. Mama anashika simu tu. Naogopa watu watafikiri imeharibika."

"Wewe ukimwangalia, unasikiaje?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nataka kulia."

"Basi usiguse kitu kingine," nikamwambia.