Nilikwangua Vyungu Ili Nijaze Sanduku

(Msomaji huyu ametuomba tumfichie jina na kijiji. Msomeni kwa upole.)

Wasomaji wa ukurasa huu, salaam. Mimi ni mama wa miaka kama thelathini, Mkisi, mfinyanzi, nina mume na watoto. Vyungu vyangu navipeleka kwa mtumbwi soko la Lyulilo, huku pwani ya Ziwa Nyasa. Kuandika nilifundishwa misheni.

Tangu maduka yaje na Wadachi, nimeshikwa na ugonjwa wa vitambaa. Nikiona kitambaa cha ua jipya, usingizi hauji. Sanduku limejaa mpaka mume wangu hulikalia ndipo lifungike, na vingine sijavivaa hata mara moja. Nikimuuliza kama ni dhambi, hucheka: "Kwani umeiba? Vaa, mke wangu." Mwalimu wa misheni naye alitufundisha kwamba nguo ni heshima, ila hakusema heshima hiyo inataka nguo ngapi.

Kwetu bei ya chungu ni nafaka inayokijaza. Mnunuzi anakijaza, ananiachia nafaka, anaondoka na chungu. Basi nikaanza kuvikwangua vyungu kwa ndani vikawa vyembamba. Kwa nje chungu ni kilekile, tumboni kinameza zaidi, na nafaka ikizidi naipeleka dukani. Kikipasuka upesi, mtu anarudi kuchukua kingine. Nilijiona nina akili sana, jamani.

Mwezi huu alirudi mteja wangu wa siku zote, mjane wa Kinyakyusa anayekaa kwenye migomba huko juu. Nimwite Dada Migomba. Chungu kilikuwa kimepasuka, maharage yote yakaishia majivuni. Nikangoja anitukane.

"Kosa ni langu, dada," akasema. "Moto niliuzidisha. Nipe kingine."

Akaanza kumimina mahindi, nami nikasikia harufu ya moshi. Huku kila mtu anaijua harufu hiyo. Ni mahindi yanayotundikwa juu ya moto jikoni kungoja mvua, yaani mbegu. Nilijua, nikanyamaza, maana dukani kulikuwa na kitambaa chekundu. Kikapu chake kikaisha ndipo chungu kikajaa. "Ndaga fijo, dada," akaniambia. Ananishukuru mimi!

Jumapili nilikivaa kanisani kile kitambaa chekundu. Dada Migomba akaushika upindo wake: "Kizuri! Nikivuna, nami nitanunua kama hiki." Avune nini? 

Mahindi yake yako kwa mwenye duka, naye harudishi kitu. Nikisema ukweli, vyungu vya wanawake wote wa pwani hii vitatiliwa shaka, maana wenzangu wameshaniiga. Nikinyamaza, mvua ndiyo hiyo inakuja, na shamba lake limeshalimwa.

Jana nilifungua sanduku nichague vitambaa vya kubadilisha na mbegu. Nikavitoa vyote, nikavitandika kitandani, nikavitazama. Kisha nikavirudisha kimoja kimoja. Kila kimoja nilikionea huruma kuliko nilivyomwonea yeye.

Ndugu zangu, nisemeni mnavyotaka, lakini nishaurini: mtu kama mimi anaanzia wapi?