Programu Iliyosema Mwita Yuko Chini

Siku duara la Kerende, shimo la wachimba dhahabu, lilipobomoka, mwanangu, bado naikumbuka.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimeacha kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya mgodi. Miaka hiyo watu walimiminika Nyamongo kufuata dhahabu, na mama hakuelewa kwa nini mimi natupa mshahara. "Bhoke, ukishindwa utarudi kwa nani?" aliniuliza. Nilikuwa natengeneza programu yangu mwenyewe: mchimbaji anatuma ujumbe kabla ya kushuka shimoni, akitoka anatuma mwingine. Asipotuma, jina lake linabaki kwenye kompyuta yangu na maneno "yuko chini". Mzee Nyamhanga, mwenye duara, ndiye wa kwanza aliyekubali kuijaribu.

Asubuhi hiyo, baada ya mvua kubwa, upande mmoja wa duara ukaanguka. Vijana wakatoka mbio, tope mwili mzima. Kwenye kompyuta likabaki jina moja: Mwita. Mkewe, Ghati, akapiga yowe. Vijana wakashika makoleo warudi ndani.

Mzee akawazuia, akanigeukia. "Binti, Mwita yumo humo?"

Nikatazama ukuta uliobaki. Maji yalikuwa yanachuruzika. Nikisema yumo, hawa wataingia. Nikisema hayumo, naye yumo, nimemzika mimi. Ofisini ningemwita bosi. Hapa nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Mzee, ninachojua ni kwamba aliingia," nikasema. "Kama alitoka bila kutuma ujumbe, programu haiwezi kujua."

"Lakini imeandika yuko chini!" Ghati akalia.

"Niliyeandika hivyo ni mimi, dada. Sina hakika."

Mzee akakataza mtu kuingia mpaka yaletwe matimba, magogo ya kushikilia ukuta. Wengine akawatuma wamtafute Mwita kwa dada yake, kijijini Kemambo. Ghati alinitazama kana kwamba mimi ni muuaji. Matimba hayajafika, ukuta wote ukashuka, pale pale ambapo vijana wangekuwa wanachimba. Nikaketi kwenye tope, nikiamini Mwita amefukiwa.

Jua lilikuwa limepanda sana alipoletwa, amejifunga blanketi. Homa ilimshika mapema, kabla duara halijabomoka, akatoka, simu imeisha chaji, akaenda kulala kwa dada yake. Ghati alimpiga makofi huku anamkumbatia.

Nikamwambia mzee narudi kuomba kazi yangu ya zamani. Akanikaripia: "Unafikiri mimi nikishuka humo siogopi? Nenda karekebishe."

Nikafuta "yuko chini", nikaandika "hajajibu".

Mwanangu, unataka kuacha kazi utengeneze kitu chako. Sikukatazi. Ila siku itafika watu watakuuliza, na uhai wa mtu utategemea jibu lako. Usiseme zaidi ya unachokijua, hata mke wa mtu akilia mbele yako. Hofu ikikushika, usione aibu. Mimi bado ninayo. Mungu akulinde, kazi ya mikono yako isimdhuru mtu, na kila jioni ulale ukijua wote wamefika nyumbani.