Njia ya Chooni

Mama alipougua moyo tulimtoa kwake Samburu tukamleta kwangu Msambweni, awe karibu na hospitali. Sote tulijiona tuna akili. Daktari alisema moyo umepanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu, ndiyo maana maji yanamjaa miguuni na kumpanda kifuani. Akampa dawa za kunywa maisha yake yote, na kidonge kimoja kilikuwa cha kutoa hayo maji. Ukikimeza asubuhi, hadi adhuhuri kazi yako ni kwenda chooni na kurudi.

Dawa nilimpa kwa mkono wangu, na maji kwenye glasi, nikisimama mpaka ameze. Miguu haikupungua uvimbe. Daktari akaniuliza kama kweli anazinywa, nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto. Akamwongezea. Mama akawa analala ameketi, akihema kama ametoka kuchota maji mbali.

Siku moja nilitaka kumfulia leso, nikafungua fundo la pindoni. Vile vidonge vya maji vilikuwa humo, vimelowa mate vikakauka vikashikana. Vingine vyote alikuwa akivimeza. Hicho cha maji alikificha chini ya ulimi hadi nitoke. Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza, "Mama, wataka kufa?"

Akasema, "Mwanangu, nimpite mkwe wangu mara ngapi?"

Choo chetu kiko nje. Mume wangu ni fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa barazani, hapo hapo njia inapopita. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanastahiana: hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama alikuwa radhi maji yamjae hadi shingoni kuliko mkwe amwone akienda haja kila mara. Heshima hiyo nimelelewa nayo, nami naitimiza kwa wakwe zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuua mtu.

Nilimweleza mume wangu. Kesho yake alibeba cherehani akaenda kushonea sokoni. Ulikuwa wema mtupu, na ndio uliomaliza kila kitu, maana mama alipoona baraza tupu alijua kwamba mkwe ameambiwa. Siku ile hakutoka chumbani. Jioni akaomba arudishwe kwake. Nilibisha, nikalia, nikamtisha na kifo. Akarudi.

Kule Samburu, kaka yangu anasema, alizinywa dawa zote kila asubuhi bila kukumbushwa. Lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Alifariki pakiti haijaisha.

Matangani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Niliwaacha waseme, ingawa nilitamani kuwafukuza.

Tuliporudi Msambweni mume wangu aliketi kitandani muda mrefu bila kuvua viatu.

"Angeniambia tu," alisema. "Ningehama hata nyumba."

"Angekwambia vipi?" nilimjibu. "Wewe ni mkwe wake."