Jirani Niliyepewa Kumwombea

Katika shirika letu, kile kikundi cha majirani Wakatoliki kinachokutana kila Jumatano saa kumi, Kwaresima ikianza kila mmoja hupewa jirani mmoja wa kumtembelea na kumwombea kila siku. Tunasema kumbeba. Mwaka ule nilipewa mama aliyepanga chumba cha nyuma katika parseli yetu, ua tunaoshiriki. Alikimbia vita Kalengera kwa miguu na wanawe, akamwacha mama yake mzazi, maana magoti ya yule mzee hayakuweza safari. Simu ya huko ilikuwa imenyamaza. Kanisani hakuwa amekanyaga tangu afike Goma.

Kiongozi wetu alinichagua kwa sababu tunakaa mlango kwa mlango. Hakukosea. Hakuweza kujua.

Nilimkuta anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Nikamwambia, "Mama, Kwaresima hii nimekubeba kwa maombi."

Hakusimamisha mchi. "Mie siko bidoni ya maji, mama."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akasema, "Kama unaweza kubeba, beba mama yangu. Yeye ndiye mzito."

"Nitamwombea kila siku. Rozari nzima."

Nilimwombea siku mbili. Mimi nauza makala, mkaa wa kupikia. Alfajiri nayafuata Kibati, mchana nakaa nayo kando ya barabara, jioni ni maji na chakula. Nikishika rozari sifiki fumbo la pili. Naamka asubuhi shanga zimeniachia alama shavuni. Mwanzoni nilimwomba Mungu msamaha, baadaye hata hilo nikaliacha. Sitaki kuisingizia kazi. Wako wenzangu wanaobeba magunia mengi kuliko mimi na wanasali. Tena sitaki kusema sikumwamini Mungu. Nilichoka tu. Labda kuna uchovu ambao wenyewe ni kutoamini, lakini mimi shule niliishia mwaka wa sita wa msingi, siwezi kuamua jambo kama hilo.

Shida ni kwamba yeye aliniamini. Kila asubuhi kwenye robine, bomba letu la maji, aliniuliza, "Mama, jana uliomba?"

"Niliomba."

Neno moja tu, na halikunilemea hata kidogo. Akaanza kunishikia nafasi katika mstari wa bidoni. Siku moja akaniambia, "Jana nililala. Nilijua kuna mutu anaongea na Mungu juu ya mama yangu. Nikasema basi, nami nipumzike."

Juma la tano simu yake ikalia. Mama yake alikuwa hai. Majirani wa kule walikuwa wamempakia kwenye kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wakamfikisha kijiji cha pili kwa watu wema. Jirani yangu alikuja mbio mlangoni, macho yamelowa.

"Jumatano nakuja shirika, nitoe ushuhuda. Nitasema huyu mama aliomba siku zote, na Mungu akasikia."

Zilibaki siku tatu, nikazimaliza kwa kubishana na nafsi yangu. Nikinyamaza, atarudi kanisani, na mama yake yuko salama vilevile, nani ataumia? Nikisema, mimi nitapata nafuu, yeye huenda akaondoka kabisa. Nilijiuliza kama ninataka kweli ukweli au ninataka tu kuwa msafi. Mpaka leo sijui. Nilichojua ni kwamba nisingeweza kukaa kwenye benchi kumsikiliza.

Jumatano nikaingia kwake akijifunga kitenge kizuri.

"Mama, niliomba siku mbili."

"Mbili kila juma?"

"Mbili kwa jumla."

Akakaa kitandani. "Na asubuhi, pale robine?"

"Nilikudanganya."

Akatazama mikono yake. "Kumbe nililala bure."

Ningeweza kumjibu kwamba Mungu hangoji sauti yangu peke yake, kwamba huenda wengine walimwombea. Ni kweli, lakini kutoka mdomoni mwangu ingekuwa njia ya kutoroka. Alifungua kile kitenge kizuri, akajifunga cha jikoni. Nikaenda peke yangu. Kiongozi aliponiuliza habari za jirani yangu, nikawaeleza wote. Hakuna aliyenikemea. Mama mmoja aliinamisha kichwa, nami sikumuuliza kwa nini.

Siku nne hakunisalimu. Pale robine nilisimama mwisho wa mstari, na nilistahili. Siku ya tano, jioni, nikiwa nimetua gunia tu, akasimama mlangoni.

"Mama yangu bado iko kule," akasema. "Barabara haijakuwa nzuri."

"Ndiyo."

"Basi omba. Hapa, nikisikia."

"Mama, nimechoka. Nitaomba vibaya."

"Omba vibaya. Mie niko natazama."

Tukaketi kizingitini, mikono yangu myeusi kwa makala. Nikasema Baba Yetu. Kisha nikamwambia Mungu kwamba kuna mama mzee, magoti yake ni mabaya, anakaa kwa watu asiowazoea, amlinde, amlete kwa mtoto wake. Baada ya hapo maneno yakaisha. Nikatafuta mengine, sikuyapata.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Ni fupi."

"Ndiyo, ni fupi."

Akasimama, akakung'uta kitenge chake. "Kesho nitakuja tena saa hii. Ukisinzia nitakufinya."