Nilivyowakusanya akina Masika wote wa Bwera kwa siku moja, na yule mmoja aliyenikimbia

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka. Nikimsimulia mtu ana kwa ana huwa naruka sehemu yangu mbaya. Leo siruki kitu. Siyo chai, na wa kuomba picha asubiri sana kwa sababu sikupiga hata moja.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Kahama. Kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya 2010, nilikuwa nasoma masters ya usalama wa kimataifa.

Kwa wasioijua hiyo kozi, nusu yake unasoma vita, waasi, silaha na mipaka. Nusu nyingine unasoma hatari zisizo na bunduki: njaa, wakimbizi, magonjwa. Darasani wote tulipenda ile nusu ya kwanza. Ya pili tuliiita "usalama wa akina mama", tunacheka mpaka mwalimu anatufukuza.

Proposal yangu ilikuwa ya waasi wa mpaka wa Uganda na Kongo. Supervisor wangu, mama mmoja asiyejua kutabasamu, akasema weka na chapter moja ya yasiyo ya kijeshi, la sivyo sisaini. Nikaiweka shingo upande.

Basi likanishusha Kasese, magharibi mwa Uganda. Nikakaa siku mbili nikisubiri Milima ya Rwenzori itoke mawinguni, ikagoma, nikaenda zangu Bwera, mji mdogo wa mpakani.

Nikapanga chumba kwa Mama Biira. Huyu ni Mkonzo, kabila la milima ile, mjane, mlokole wa kweli, anauza maharage soko la Mpondwe pale mpakani. Ukichelewa kula anakuombea kwa sauti, na kwenye maombi anakutaja jina.

Sasa waasi. Wakuu, nikiuliza habari za waasi watu wanaangalia viatu vyao. Wiki mbili nzima sina hata ukurasa.

Wakati huo ebola ilikuwa imeshika upande wa pili, Kongo, kule Beni na Butembo. Watu wa afya mpakani walikuwa wanatafuta mtu wa Kiswahili wa kuandika majina ya wanaovuka. Nikajitolea. Nilijisemea, acha nimalize chapter ya supervisor haraka nirudi kwenye mambo ya wanaume.

Kazi yenyewe, kwenye daraja la mto wa mpakani, ilikuwa hivi: mtu ananawa kwenye ndoo yenye klorini, nesi anampima joto, mimi naandika. Kipima joto kina umbo la bastola, kikielekezwa kwenye paji la uso wamama wengine wanafumba macho.

Daftari lilikuwa na sehemu ya jina, jina la mzazi, kijiji na mzigo. Foleni ikiwa ndefu mimi naandika jina na mzigo tu, mengine naruka. Nani atayasoma?

Jumanne moja, siku ya soko, akapita mama mmoja kijana. Dumu la mawese kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto akaninyang'anya kalamu akaitia mdomoni.

Mama akacheka. "Huyu atapenda masomo kupita mama yake."

Nikacheka na mimi, nikachukua kalamu yangu, nikaandika: Masika, mawese. Akaenda.

Alhamisi ikapigwa simu kutoka upande wa pili. Kuna mwanamke amefariki kwa ebola, na wifi yake alilala naye nyumba moja, kisha Jumanne akavuka kuja Uganda. Anaitwa Masika, anauza mawese, ana mtoto anayenyonya. Atafutwe haraka apewe chanjo, apimwe kila siku mpaka siku ishirini na moja ziishe. Yeye na mtoto.

Nikafungua daftari kwa mbwembwe. Masika, mawese. Masika, mawese. Masika, mawese.

Wauza mawese wanaoitwa Masika, siku ile moja, walikuwa kumi na saba.

Nesi akalivuta daftari, akahesabu upya kwa kidole. Afadhali angenitukana.

Mkuu wa askari pale darajani alikuwa mtu mkubwa, mkavu, tukimwita Afande basi. Akaja mezani.

"Wewe musomi. Kitabu yako inasema nini?"

Wakuu, hapa ndipo ninaporukaga. Nilikuwa nimesubiri hilo swali tangu Kahama. Nikavimba, nikamwambia kitaalamu hiyo inaitwa containment. Tishio usilolijua unalizungushia ukuta kwanza, maswali baadaye. Akina Masika wote wa mawese wakusanywe sehemu moja.

"Yote?"

"Wote, Afande."

Hakuna aliyenituma. Usomi mwingi mbele giza, na mimi nilikuwa gizani na tochi mkononi.

Ijumaa asubuhi lori likazunguka Bwera. Walipatikana kumi na mmoja, wakakalishwa kwenye majani nje ya ofisi ya mpaka, bega kwa bega, mpaka alasiri. Wengine wazee kabisa. Mmoja alikuwa anasali rozari bila kupumzika. Niliwapitia mmoja mmoja; mwenye mtoto mgongoni niliyemkumbuka ni yule wa kalamu tu, naye hakuwepo. Akaachiwa kila mtu aende kwake.

Siku ya soko iliyofuata darajani palikuwa peupe. Wamama walikuwa wanavukia chini kule mtoni, maji ya magotini, hakuna ndoo, hakuna kipimo, hakuna daftari. Wachache waliopita kwetu, nikiuliza jina, wote ghafla ni Maria.

Ukuta wangu ulikuwa umewafukuza watu wote niliotaka kuwaona. Nikajua nimeyatimba.

Jioni Mama Biira hakuniombea. Hilo peke yake lilinitisha. Akaweka sahani mezani, akakaa mbele yangu.

"Wewe mutoto, unajua Masika iko jina ya namna gani?"

Nikasema sijui.

"Kwetu mutoto mwanamuke wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira, ndiyo miye. Huku ya muto na kule ya muto, ni vile tu. Wewe umekamata bifungua mimba ba nyumba zote! Ni kama kusimama sokoni na kuita 'dada', kisha unashangala bote banageuka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwezi mzima nalala nyumba ya mtu, nakula maharage yake, sikuwahi kumuuliza jina lake lina maana gani.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba lori lilikuwa wazo langu, na kwamba yule mama wa kweli yuko mahali na mtoto wake, na siku zinakwenda. Kama anaumwa bila kupata tiba, anakufa, na mtoto anamfuata.

Akasogeza sahani pembeni. Halafu akauliza: "Ile dumu alibeba aje?"

"Kichwani. Mtoto mgongoni."

"Kichwani? Una hakika?"

Nilikuwa na hakika, nilimwona kwa macho yangu.

"Bamama ba mulima banabeba mugongoni, mukanda kwa paji ya uso. Wa kubeba kichwani amekulia chini, kwa batu ba samaki. Huyo ni Masika wa Hamukungu. Alizaliwa Butembo, shangazi akamulea kule ziwani. Namujua, iko ananunua maharage kwangu."

Yaani wakuu, jibu lilikuwa limekaa na mimi mezani siku zote hizo, linanipakulia chakula.

Asubuhi nikamweleza Afande, nikamwomba aje nasi. Akatikisa kichwa.

"Mimi nikienda, bunduki inaenda. Hiyo mama itaingia ziwani. Nyinyi enda. Lete yeye muzima."

Tukatoka na gari la kukodi, mimi, nesi na Mama Biira mbele na furushi lake. Hamukungu ni kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Ziwa George, ndani ya hifadhi, unapita nyati wamelala kama ng'ombe wa jirani. Njia nzima nilikuwa naandaa hotuba ya kumshawishi.

Shangazi mtu alitupokea uani akiwa amembeba yule mtoto. Mtoto analia, sauti imekauka. Hakuniambia karibu. Alinyoosha tu kidole nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kibanda cha kuwekea nyavu. Masika amekaa mlangoni, peke yake. Pembeni ana sahani yake, kikombe chake, ndoo yake ya sabuni. Mbele ya kibanda ameweka fito chini, mtu asivuke. Kwenye kamba ya nyavu amefunga mafundo, moja kwa kila siku tangu alale na mgonjwa. Nikayahesabu: tisa.

Kifuani kanga yake ilikuwa imelowa maziwa.

Hotuba yangu ikapotea yote. Nikaweza kusema kitu kimoja tu: kwa nini ulikimbia, tulikuwa tunakutafutia dawa.

Alinijibu bila hasira, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

"Sikukimbia dawa. Nilikimbia ile majani. Nilisikia wifi amekufa, kisha niliona munakalisha bamama, mumoja pembeni ya mwenzake. Nikasema, kama niko nayo hii ugonjwa, nitaipatia bote. Bale beko na batoto, kama miye. Njo maana nikakuja huku kujifungia."

Wakuu, nilikaa chini kwenye mchanga.

Kitaalamu, mtu wa ebola asiye na homa bado haambukizi, nesi alitueleza baadaye. Lakini mimi Ijumaa ile sikujua hilo, na sikujua kama yupo mwenye homa kati yao. Niliwabananisha wamama kumi na mmoja nikasema huo ndio usalama. Yeye, aliyesikiliza tu matangazo ya ebola redioni, alijitenga, akamnyima mwanawe titi, asimdhuru mtu.

Nesi akavaa gloves, akampima. Hakuna homa. Akampima mtoto, hakuna. Akawachoma chanjo waliostahili, akamwambia Masika kwa sasa yuko salama kunyonyesha, ila joto likipanda kidogo tu apige simu hapohapo.

Masika aliuliza mara tatu. "Una hakika, dokta? Una hakika?"

Shangazi akamleta mtoto. Wakuu, nimeona mengi, ila sijaona mtoto akinyonya vile. Masika alikuwa analia, mtoto anakoroma kwa pupa, Mama Biira anasema wasingya, wasingya, yaani asante, akimwambia Mungu wake. Mimi nilikwenda kuangalia ziwa, nikalia kivyangu.

Nesi wa kituo cha jirani aliwapima kila siku. Mafundo yakafika kumi na tano, kumi na nane. Mama Biira na mimi tulikuwa hatuulizani habari nyingine asubuhi, tunauliza fundo la ngapi. Afande naye alikuwa anapita mezani kwangu akijifanya anaangalia foleni.

"Ile mama?"

"Bado mzima, Afande."

"Sawa."

Ishirini na moja zikaisha. Mzima, mtoto mzima.

Kabla ya hapo Mama Biira alikuwa ameshazunguka sokoni, ameketi na wale wamama wa majani mmoja baada ya mwingine, na mimi nyuma yake naomba msamaha. Yule bibi wa rozari alinisamehe baada ya kunisema dakika arobaini, nikaona ni haki yangu. Foleni ikaanza kurudi darajani kidogokidogo.

Siku ya soko moja nikaliona dumu kichwani, mtoto mgongoni. Akanawa, akapimwa, akasimama mbele yangu.

"Sasa andika muzuri," akasema.

Nikaandika jina lake, la baba yake, la mama yake, Butembo alikozaliwa, Hamukungu alikokulia, namba ya shangazi. Nyuma yake foleni inanung'unika, nikaiacha inung'unike.

Nilikuwa nafunga daftari, mtoto akanyoosha mkono, akaishika kalamu.

"Na huyu?" nikauliza. "Huyu anaitwa nani?"

Masika alicheka mpaka dumu likatikisika.

"Wewe bado hujaelewa? Huyu njo wa kwanza wangu. Mwanamuke."

Kumbe Jumanne ile walipita kumi na nane. Mmoja nilikuwa sijamwandika kabisa.

Thesis niliibadilisha yote. Waasi wakabaki na kurasa chache, yale mengine yakachukua kitabu kizima. Wakati wa kutetea, profesa mmoja akaniuliza tishio kwenye utafiti huu ni nani hasa. Nikamjibu ni mimi. Supervisor wangu akatabasamu, nina mashahidi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu unayetaka kumlinda, muulize kwanza ni nani na anaogopa nini. Mara nyingi ameshaanza kuwalinda wenzake kabla hujafika na vitabu vyako.

Mama Biira bado tunaongea. Juzi kaniambia yule mdogo kaanza shule, na kwenye madaftari anajiandika mwenyewe, majina yote matatu.

Wataalamu wa afya na wenzangu wa majeshi, pale nilipokosea nirekebisheni. Na kama kuna Masika humu jukwaani, dada, nidondoshee neno. Safari hii nitauliza Masika wa nani.